Ngoma na Mlango Wake: Jinsia, Mguso na Jicho la Hadhira

Katika Song of Lawino, shairi refu la Okot p'Bitek lililochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na baadaye kutafsiriwa kwa Kiswahili na Paul Sozigwa kwa jina la Wimbo wa Lawino, mke na mume wanagombana juu ya ngoma. Ocol, mume aliyesoma, anamwona mkewe mshamba kwa kuwa hajui kucheza dansi za Kizungu. Lawino hakatai. Anakiri waziwazi kuwa hazijui, kisha anaeleza kwa nini hatamani kuzijua: watu hukumbatiana ndani ya nyumba yenye giza na moshi, mwanamume humshika mke wa mwenzake, na hakuna anayeuliza. Ngoma ya Waacholi, kwa maelezo yake, huchezwa uwanjani. Mwili wa msichana u wazi, na kila mwenye macho aweza kumtazama na kumpima.

Wahakiki wengi wamelisoma fungu hili kama sehemu moja ya ugomvi mkubwa wa mila na usasa, wakaliacha hapo. Usomaji huo una ukweli, lakini ni wa haraka. Anayemsikiliza Lawino kwa makini atagundua kwamba hadai hata mara moja kuwa ngoma ya kwao haina mapenzi. Mapenzi yamo tele. Ngoma za vijana wa Kiacholi, mathalani larakaraka, zilikuwa uwanja wa uchumba, na hapakuwa na aliyejifanya kutojua hivyo. Hoja ya Lawino ni kwamba mapenzi hayo yana mashahidi. Wazee wapo, wapinzani wapo, ndugu wa msichana wapo. Anayempenda mtu humpenda mbele yao. Kinachomtia kichefuchefu katika dansi ya mumewe ni mlango uliofungwa. Uchi wa uwanjani haumsumbui. Mkumbatio wa gizani unamsumbua. Ocol, kwa upande wake, huona aibu katika uchi na huona ustaarabu katika mkumbatio. Wawili hawa hawatofautiani katika kuwa na haya au kutokuwa nayo. Wanatofautiana kuhusu mahali haya inapokaa mwilini, na kuhusu nani aruhusiwe kutazama.

Ajabu ni kwamba dansi anayojivunia Ocol ilikuwa na kesi ya namna hiyohiyo kwa wenyewe Wazungu. Kabla ya walsi kuenea, tabaka la juu la Ulaya lilicheza ngoma za safu na mizunguko. Katika minueti, mwanamume na mwanamke walishikana vidole kwa mbali, wakasogea na kurudi, nyuso zao zikielekea hadhira zaidi kuliko zilivyoelekeana. Walsi iliwageuza. Wawili wakatazamana, mkono wa mwanamume ukakaa mgongoni pa mwanamke, na mzunguko wao ukawafungia nje watazamaji. Goethe aliiona nguvu ya jambo hilo mapema. Katika riwaya yake ya Werther ya mwaka 1774, kijana huyo akiisha kucheza walsi na Lotte anajiapia kwamba msichana atakayempenda hatacheza ngoma hiyo na mwanamume mwingine asiyekuwa yeye. Byron, ambaye mguu wake wenye kilema haukumpa raha katika kumbi za dansi, aliitungia walsi shairi la dhihaka mwaka 1813. Naye mhariri wa The Times la London aliishutumu mwaka 1816, baada ya walsi kuchezwa katika karamu ya mtawala wa Uingereza, kwa hoja ambazo Lawino angezitambua mara moja: kukumbatiana kwa watu wasiohusiana, mbele za watu wa heshima, na hatari kwa mabinti.

Baina ya shutuma hiyo na kuchapishwa kwa Lawino ilipita miaka 150 kamili. Katika muda huo, kilichokuwa fedheha London kilipanda meli na kufika Afrika Mashariki kikiwa kimevaa joho la ustaarabu, na wamishonari waliokuja nacho wakazikuta ngoma za wenyeji na kuziita chafu. Hapa msomaji anaweza kutabasamu, lakini kicheko kisimzuie kuona jambo la pili lililokuja na walsi. Mkao ule mpya ulileta mgawanyo wa kazi: mwanamume huongoza, mwanamke hufuata. Mkono wa mgongoni ndio usukani. Katika ngoma ya safu kila mchezaji huwajibika kwa safu nzima; katika walsi mwanamke huwajibika kwa mwanamume mmoja. Mgawanyo huu umezoeleka hata ukaonekana kuwa maumbile yenyewe ya kucheza wawili. Ngoma ya Argentina iitwayo tango (ambayo msomaji wa Kiswahili hana budi kuisamehe jina lake) inaonyesha kuwa si maumbile. Katika Buenos Aires ya wahamiaji wengi wanaume, vijana walifundishana wao kwa wao, na mara nyingi mwanafunzi alianza kwa kujifunza hatua za mfuasi, yaani hatua za mwanamke, kabla ya kuruhusiwa kuongoza. Mwaka 1913 Kaisari Wilhelm wa Pili aliwakataza maofisa wake kuicheza wakiwa na sare. Mwaka 2009 UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa wanadamu wote. Baina ya marufuku na urithi hapakupita hata karne moja.

Kenya ina mfano wake, nao uko karibu zaidi na nyumbani kuliko Buenos Aires. Mnamo mwaka 1929 ugomvi wa tohara ya wasichana uliwatenganisha Wagikuyu wengi na makanisa ya kimishonari, na ngoma ya muthirigu ikazuka ikiwa na nyimbo za kuwakejeli wamishonari, machifu na serikali. Serikali iliipiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Katika miongo iliyofuata ilishika nafasi mwomboko, ngoma ya wawili wawili, inayopigwa kwa akodiani na pete ya chuma iitwayo karing'aring'a. Asili yake imechanganyika: zimo ndani yake hatua za walsi na za dansi za Waskoti zilizochezwa na walowezi, na umo pia mwendo wa ngoma za zamani za Wagikuyu wenyewe. Mwanamume humshika mwanamke, wanakwenda hatua zao, wanainama, wanageuka. Leo wanaoicheza wengi ni wazee, na wanapoicheza mbele ya wageni wa serikali hutangazwa kuwa ni ngoma ya asili.

Kuna jambo katika mwomboko linalostahili kutuliwa kidogo. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya ya mwaka 1938, alieleza desturi ya ngwiko, ambapo vijana wa rika walioruhusiwa walilala pamoja na kupapasana, nguo za msichana zikiwa zimefungwa kwa namna ambayo tendo lenyewe halingefanyika. Kenyatta aliandika kama mtetezi wa mila, na mtetezi hupenda kuipiga pasi nguo yake kabla ya kuitoa nje. Hata hivyo maelezo yake yanathibitisha kwamba ukaribu wa miili ulikuwa na sheria, na kwamba walinzi wa sheria hiyo walikuwa vijana wenyewe, rika kwa rika. Aliyeivunja alitengwa na wenzake katika ngoma na katika mikutano ya vijana. Misheni ililaani desturi hiyo, ikavunja nguvu ya rika, kisha ikaleta nyimbo za kanisani za watu waliosimama wima bila kugusana. Mwomboko ulijaza pengo hilo. Ulirejesha mguso, lakini mguso wa watu wawili badala ya mguso wa rika, na kwa mkao ambao mzungu mwenyewe asingeweza kuulaumu kwa kuwa ni wake.

Si kila mahali palipohitaji mguso. Katika Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, wanaume hukaa safu yao na wanawake safu yao, na joto lote la ngoma hiyo limo katika nafasi iliyo baina ya safu mbili. Mabega yanatetemeka, ngoma tatu zinajibizana, kubwa, ya kati na ndogo, na hakuna anayemshika mwenzake. Mhakiki anayepima ukaribu kwa kuhesabu mikono iliyoshikana angeandika kwamba hapa hapana mapenzi. Angecheka nani?

Pwani ya Waswahili mambo yamekaa kwa namna nyingine kabisa. Huko wanaume na wanawake hawakutengwa kwa safu bali kwa ukuta. Ngoma za wanaume zilichezwa nje, uwanjani na barabarani. Goma la Lamu ni safu ya wanaume waliovaa kanzu, bakora mkononi, wakisogea polepole kama watu wenye wakati wote wa dunia. Heshima yao imo katika ule upole. Katika kirumbizi wanaume wawili huingia kati na fimbo, wakashambuliana na kukingana huku zumari ikilia. Mwili wa mwanamume humkaribia mwanamume mwenzake kwa kupitia silaha, na palipo na silaha hakuna atakayesema kwamba wanakumbatiana. Hata Fumo Liyongo wa masimulizi, ambaye Muhammad Kijumwa wa Lamu aliutunga utenzi wake mwaka 1913, anaponea gerezani kwa gungu: tupa yake imo ndani ya mkate alioletewa na kijakazi Saada, na kishindo cha ngoma aliyoomba ipigwe kinafunika sauti ya chuma kinachokatwa. Shujaa anayejua mkuki lazima ajue ngoma pia. Wala katika utenzi huo haidhaniwi kwamba kucheza kunampunguzia uume.

Ngoma za wanawake zilikuwa ndani ya ua. Ziko zilizotoka nje, kwa mfano vugo, ambapo wanawake huenda na harusi wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Na lelemama, ambayo Margaret Strobel aliichunguza Mombasa katika kitabu chake cha mwaka 1979, ilikuwa na vyama kamili, miongoni mwao Banu Saada na Ibinaal Watan, vyenye vyeo, michango na ushindani mkali wa kujionyesha. Waliokuwa waungwana na wazao wa watumwa walikutana humo, ijapokuwa hawakukutana daima kwa usawa. Strobel alikuwa sahihi kuona siasa katika lelemama. Huko Dar es Salaam mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa kiongozi wa waimbaji katika chama cha ngoma cha Bomba, alipoombwa awaingize wanawake katika TANU hakuanzia kwenye mikutano ya hadhara; alikwenda kwa vyama vya ngoma, kwa kuwa wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga huko.

Lakini chakacha ndiyo inayomtia mhakiki katika mtihani. Ni ngoma ya wanawake, ya harusini, na kiini chake ni kiuno. Leso hufungwa chini ya kiuno ili mzunguko uonekane. Kifua na mabega hutulia, uso hubaki mkavu kana kwamba unalofanya kiuno haliuhusu. Ustadi umo katika utengano huo. Anayetikisika mwili mzima huchekwa. Mabibi huketi kwenye jamvi wakitazama, na wao ndio mahakimu: mmoja huinuka, japo magoti yamechoka, akazungusha mara mbili tatu, na ua mzima ukapiga vigelegele, kwa kuwa yeye hahitaji kujitahidi. Bi harusi hujifunza hapo, na asiyeolewa hujifunza pia huku akijifanya hatazami. Somo wake amekwisha kumweleza kwa maneno. Ngoma humweleza kwa mwili.

Ngoma hii yasemekana kuwa ni maandalizi ya mke kwa ajili ya mume. Kauli hiyo imerudiwa mno hata ikawa kama ukweli usiohitaji kuchunguzwa. Hakika somo mwenyewe hulisema hivyo, na nyimbo husifu mke ajuaye. Lakini atazamwe nani amekaa uani. Mume hayupo. Hatakuwapo. Mwanamke anayecheza vizuri hasifiwi na mwanamume yeyote. Husifiwa na dada, mawifi, mashoga na mabibi. Raha yote ya usiku ule, pamoja na mafumbo ambayo mwanamume yeyote angeona haya kuyasikia kutoka kinywani mwa mamake, ni raha ya wanawake baina yao. Humo mmojawapo huigiza mwanamume, akatembea kwa majivuno, akatongoza, akakataliwa, na kicheko kinachofuata kinamwangukia mwanamume asiyekuwapo kujitetea. Ikiwa haya ni maandalizi ya utumishi wa kitandani tu, basi ni maandalizi ya ajabu, yanayoanza kwa kumcheka bwana mwenyewe.

Jambo hili lilikuwa na uzito zaidi katika unyago na ngoma yake ya msondo huko Unguja. Asili ya unyago wa Zanzibar inahusishwa na watu wa bara, wakiwemo Wayao, ambao wengi wao waliletwa visiwani wakiwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini masuria hawakuhesabiwa katika sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kwa maneno mengine, kwa miaka kumi na miwili mwanamume aliyekuwa mtumwa aliweza kudai uhuru wake na suria hakuweza, kwa kuwa mwili wake ulihesabiwa kuwa jambo la nyumbani. Kungwi aliyemfundisha binti wa wanawake hao kuujua mwili wake, raha yake na usafi wake, alikuwa akifundisha jambo ambalo sheria ilikuwa haijaamua kama ni mali ya binti au ya mtu mwingine. Anayeita mafundisho hayo matusi na asimame kidogo.

Wengi wamesimama kidogo sana. Mtafiti wa kiume hawezi kuingia uani, basi huketi barazani na kumwomba mama fulani amsomee maneno ya nyimbo. Mama husoma, akiruka anayoona hayafai. Mtafiti huyaandika, huyapanga katika beti, hupiga mahesabu ya mizani, huongeza sura ya maudhui na sura ya fani, na ngoma imekwisha. Anachohakiki ni mabaki yaliyopita kwenye tundu la mlango. Fasihi simulizi imekuwa na mazoea ya kusema kuwa utendaji ndio uhai wake, kauli iliyomo katika karibu kila tasnifu. Lakini ikifika zamu ya chakacha, kiuno huachwa nje ya kurasa na maneno pekee huingizwa. Hata Okot, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970 na aliyejua ngoma kuliko wahakiki wake, alikuwa mwanamume aliyevaa sauti ya mwanamke. Lawino anapoeleza namna wasichana wanavyotazamwa uwanjani, je, anatazama kwa macho ya msichana au ya kijana aliyesimama mkabala naye? Swali hili halipunguzi ukuu wa shairi. Linamfanya msomaji ajiulize ni nani aliyeshika mlango.

Jicho hilo si la lazima liwe la mwanamume. Miongoni mwa Wodaabe wa Niger, wafugaji wanaokusanyika mvua zinapokwisha, wanaume ndio wanaojipamba. Hupaka nyuso rangi, hutia weusi midomo na kope ili meno na weupe wa macho viwake, kisha husimama safu moja katika gerewol wakinyanyuka kwa ncha za vidole, wakitabasamu hadi mashavu yachoke. Wanawake hutazama na kuchagua. Kila kitu ambacho kwingineko huitwa kike, yaani urembo, kungoja na hofu ya kutochaguliwa, hapa ni mzigo wa kijana wa kiume, wala hakuna anayemwona kuwa amepungukiwa. Ila ni kweli vilevile kwamba ngoma ikiisha, mifugo na maamuzi mengi ya mji hurudi mikononi mwa wanaume. Anayetazama kwa siku saba hapati ufalme kwa kutazama.

Chakacha ilitoka uani kwa njia nyingi. Midundo yake iliingia katika taarab ya Mombasa, na Zuhura Swaleh ni miongoni mwa walioifanya ichangamke hivyo. Katika miaka ya 1980 Mombasa Roots waliitia gitaa na magitaa ya besi, ikachezwa katika hoteli za pwani mbele ya watalii na katika kumbi za Nairobi. Mdundo haukuharibika, pengine uliongezeka nguvu. Kilichobadilika ni kiti cha hakimu. Mahali palipokuwa na bibi wa jamvini, anayejua kutofautisha kiuno kilichofundwa na kiuno kinachohangaika, sasa yupo mgeni aliyelipa kiingilio, ambaye kwake viuno vyote ni kimoja. Mchezaji hulazimika kuongeza. Uso uliokuwa mkavu huanza kutabasamu. Kwa jicho la aliyeizoea ngoma ya uani, tabasamu hilo ndilo jipya, na ndilo linaloitwa uchafu na wakali wa maadili, ingawa wao huelekeza lawama yao kwenye kiuno kisicho na hatia.

Wahindi walipitia jambo linalofanana na hili nusu karne kabla. Ngoma ya sadir ya Tamil Nadu ilikuwa mikononi mwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mahekalu, na kiini chake kimojawapo kilikuwa shringara, hisia ya mapenzi. Wakereketwa wa maadili waliupinga mfumo wa devadasi hadi sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikaupiga marufuku. Wakati huohuo Rukmini Devi Arundale, mwanamke wa tabaka la Wabrahmin, aliianzisha taasisi ya Kalakshetra mwaka 1936, akaisafisha ngoma hiyo na kuipandisha jukwaani kwa jina la bharatanatyam, ibada ikitiliwa mkazo na mapenzi ya mwili yakififishwa. Balasaraswati, mzaliwa wa ukoo wa wachezaji wenyewe, alimpinga. Kwake shringara haikuwa doa la kusuguliwa; ndiyo ngoma yenyewe, na anayeiona chafu ameileta takataka hiyo kutoka kwake. Rukmini Devi alishinda kwa idadi ya shule. Wajuzi wengi hata hivyo humtaja Balasaraswati, aliyefariki mwaka 1984, kwa sauti ya chini wanayoitumia watu wanapomtaja marehemu aliyekuwa na haki.

Unguja haikuwa na Rukmini Devi, ilikuwa na Bi Kidude. Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka 2013, alikuwa kungwi na mwimbaji kwa pamoja. Aliwafunda mabinti ndani, na nje akaupanda msondo jukwaani, ngoma ndefu imefungwa kiunoni na kushikwa kati ya miguu, mbele ya watu wa Ulaya waliomtunukia tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Alikuwa bibi kizee mwenye sigara, na hadhira ilimpenda kwa ukaidi wake. Ni rahisi kusema kuwa aliitoa siri. Lakini aliyeonyesha ngoma hakuonyesha somo. Waliopiga makofi kwenye kumbi za Ulaya walisikia mdundo, waliona mwanamke mzee asiyeogopa, na wakarudi kwao bila kujua hata neno moja la alichokuwa akimwambia mwali baada ya mlango kufungwa. Bi Kidude aliupitisha mdundo mlangoni, na mlango akauacha ulivyo.

Siku hizi mlango wenyewe ndio ulio hatarini, na adui wake ana ukubwa wa kiganja. Mwanamke anayecheza uani usiku wa leo anaweza kuonekana kesho asubuhi na mume wa jirani, na mwajiri, na mtoto wake akiwa shuleni. Zamani siri ililindwa na ukuta na heshima. Ukuta hauizuii simu. Ndiyo sababu katika harusi nyingi za Mombasa na Lamu waalikwa huombwa wasipige picha ukumbini, na mahali pengine huwekwa mtu mlangoni wa kuzipokea simu na kuzitia kikapuni kila moja na alama yake. Yapo manung'uniko. Mama mwenye mtoto mgonjwa nyumbani hung'ang'ania yake, wasichana huficha za pili ndani ya mabuibui. Mzee wa mlangoni hupekua bila aibu, kama askari wa uwanja wa ndege. Simu zikisha kutoka, ndani husikika kicheko cha namna ambayo haikusikika hapo kabla.

Mlangoni hapo ndipo anapofika pia mwanafunzi wa kike wa shahada ya uzamili, aliyetumwa na idara yake kukusanya nyimbo za chakacha. Yeye, tofauti na mtafiti wa barazani, anaruhusiwa kuingia. Pengine mamake mdogo ndiye mwenye harusi. Mwongozo wa tasnifu unamtaka awe na kinasasauti, tarehe, jina la fanani, idhini iliyotiwa sahihi, na kiambatisho chenye maneno kamili. Mzee wa mlangoni anamtaka atie kinasasauti kikapuni. Akikificha atapata tasnifu na atapoteza ua, kwa kuwa habari hizi hazichelewi kujulikana. Akikitoa, ataingia na kukaa jamvini na mabibi, atavutwa na kufungwa leso, atachekwa kwa jinsi mabega yake yanavyotikisika, atarekebishwa kwa mkono wa bibi uliowekwa kiunoni mwake hadi mabega yatulie. Atajua mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha maktaba, na hatakuwa na ushahidi wa hata moja.

Mtahini wa nje akifika, mwanamume mwenye sifa zake, atafungua ukurasa wa kiambatisho kwanza. Ataona nyimbo tatu badala ya thelathini, zile ambazo mabibi walisema ziandikwe. Atauliza zilizobaki ziko wapi. Na mwanafunzi, ambaye kiuno chake bado kinakumbuka usiku ule, atakuwa amesimama mbele ya jopo akitafuta neno la kumjibu ambalo si uongo wala si usaliti.